Neno la Kwenye Kamba

Machimbo ya Itundwa, Geita
6 Agosti 2023

Mpwa wangu mpendwa,

Mwangaluka. Najua wewe mtu wa Shinyanga mjini siku hizi unasalimia kwa Kiswahili kitupu, basi naipokea shikamoo yako kabla hujaituma: marahaba. Mimi mjomba wako mzima, kifua kizima, meno yote yapo isipokuwa lile nililomwachia dume la ng'ombe kule Kahama, na lile dume nalo halikuondoka salama. Msalimie mama yako Apolonia. Mwambie kaka yake anakula vizuri. Huku mvua bado, vumbi limetukalia mpaka kuku wa mama ntilie wote wamekuwa rangi moja, jioni wanagombaniwa.

Utajiuliza kwa nini naandika barua kama watu wa zamani. Simu iliniponyoka nikichungulia duara la jirani. Duara kwa lugha ya huku ni shimo la kuchimbia dhahabu, usije ukadhani ni lile la hesabu. Ikashuka inawaka, mpwa wangu, kama nyota iliyokosea njia, na mpaka leo ukilala ukaweka sikio ardhini asubuhi na mapema unaisikia inaita. Mwenzangu Sostenes anasema ni maji yanayotiririka. Sostenes hajui simu yangu inavyolia. Mimi nadhani wako huko chini wanaoipokea, wanaongea nayo, salio langu linaisha.

Hata hivyo, mtandao wenyewe huku mpaka upande juu ya kichuguu. Kwa hiyo barua atazibeba Hatibu wa dagaa, Baba Zuhra, unamjua. Anatoka Nkome na magunia yake, analala kwetu, kisha anaendelea mpaka soko la kwenu anakouza karibu na meza ya mchele ya mama yako. Barua ikinuka samaki usishangae, hata mimi hapa nanuka.

Sasa jambo lenyewe. Nimepata duara. Si kibarua, si kubeba mawe ya watu, ni duara langu na Sostenes, na jina nimelichagua mwenyewe, nimeliandika kwa mkaa kwenye ubao nikaugongelea mdomoni: DUBAI. Jiwe nililookota kando tu ya mdomo wake, nilipolipeleka Kahama kupimwa, basi zima liliinamia upande niliokaa, kondakta akawahamisha abiria. Kabla ya masika makubwa nitashuka.

Nasikia unasoma kuongea na kompyuta. Niandikie inavyokuwa, nitakuelewa. Shule mimi niliachia darasa la tano, si kwa kushindwa, bali mwalimu alikuwa ameishiwa.

Ni mimi mjomba wako,
Mageni

*

Shinyanga
27 Agosti 2023

Mjomba Mageni,

Shikamoo. Mama anakusalimu, anasema umshukuru Mungu kwa meno yaliyobaki. Yeye mzima, mgongo tu unamsumbua kwa kuinama kwenye viroba vya mchele. Mchele wa Kahama umepanda, wateja wanauangalia kwa macho kisha wananunua unga. Mimi niko salama, ila nimeanguka jaribio la kwanza, na wewe pekee nakwambia.

Umeniuliza inavyokuwa. Tuko kwenye mwanzo kabisa, kwenye majina. Ukitaka kompyuta ikukumbukie kitu, unakiweka mahali na mahali hapo unapapa jina, na jina hilo mwalimu wetu analiita kitambulishi. Kulitoa ni juu yako. Naweza kusema mchele, au bei_ya_mchele, na hiki kistari cha chini ni cha kushikanisha, kwa sababu ukiacha nafasi katikati mashine inaona majina mawili. Siwezi kuanza na tarakimu. Na inajali herufi, mjomba, kuliko hata karani wa kata: Mageni yenye herufi kubwa mwanzoni na mageni yenye herufi ndogo ni watu wawili wasiofahamiana. Nusu ya jaribio nilianguka hapo.

Nusu nyingine nilianguka kwenye maneno yaliyotengwa. Haya ni machache, if, while, return na ndugu zao, na hayo lugha imejiwekea yenyewe. Huwezi kumpa mtu wala kitu. Mimi nilitaka kuhifadhi idadi ya wanafunzi wa darasa, nikapaita class, mashine ikakataa kazi yote kuanzia mstari wa juu, kumbe neno hilo lina mwenyewe. Jina linaonyesha kitu tu. Ila neno lililotengwa ni amri, mashine ikilikuta haiulizi ni nani kasema. Inatenda.

Nalala naota majina yanaelea kama pamba iliyopeperuka kutoka kiwanda cha kuchambulia, nayakimbiza niyashike kabla hayajaingia chini ya lori.

Nina maswali mawili. Duara lako liko upande gani wa Itundwa? Mama aliuliza nikashindwa kumjibu. La pili: tangu nijue kusoma, umeniandikia kadi za Krismasi, ujumbe wa simu, na sasa barua, na hata siku moja hujawahi kuandika jina langu. Kwa nini?

Mpwa wako,
Loveness

*

Itundwa
24 Septemba 2023

Mpwa wangu, mtoto wa Apolonia,

Marahaba, na marahaba ya mama yako pia mpelekee, ingawa alinifuata baada ya miaka miwili tu kuja duniani na hadi leo hajanisamehe kwa kutangulia. Mgongo wake mwambie apake mafuta ya kondoo. Niliwahi kumpaka mzee mmoja wa Nyankumbu aliyekuwa amepinda kama jembe, akanyooka mpaka akaanza kuona mapaa ya watu, majirani wakalalamika.

Pole kwa jaribio. Ila mwalimu wako angekuja kwangu ningemfupishia kazi, kwa sababu hayo anayokufundisha wachimbaji tunayo tangu kabla kompyuta haijazaliwa. Tazama. Kila duara hapa lina jina alilopenda mwenyewe: kuna Subira, kuna Mbunge, kuna Mke Mdogo, kuna moja linaitwa Nitarudi. Mtu hazuiwi. Lakini kwenye kamba ya winchi, inayotushusha na kutupandisha, tuna maneno matatu, na hayo hayana baba. Teremsha. Simama. Vuta. Aliyeshika kamba akilisikia moja, haulizi limetoka kwa nani, haulizi sababu, mikono inatangulia kichwa. Ndiyo maana juu ya ardhi hatuyachezei. Huku kwetu mtu havuti sigara, anapuliza moshi. Kiti unakisogeza. Ng'ombe unamkokota. Hata mlevi hakosei.

Alikuja Benjamini mmoja, mgeni, akasimama karibu na winchi, akamwambia mwenzake avute kiti. Walioshika kamba wakaivuta kwa nguvu zote, na jamaa wa chini alikuwa bado ameshikilia mwamba. Alitoka nao. Kilima kilichokuwa upande wa kusini hukioni tena leo, ukimwuliza mtu atakwambia hakikuwahi kuwapo.

Dubai naitengeneza taratibu. Nimenunua matimba, yale magogo ya kushikilia kuta, mazito, ya mninga. Sostenes anatafuta mbuzi wa kubatizia.

Nimeota ndoto, mpwa wangu. Nashuka, kamba haina mwisho, na kadiri ninavyoshuka kunakucha. Chini kabisa ni asubuhi. Kuna uwanja umefagiliwa, kuna mtu amekaa kwenye kigoda amenipa mgongo, anachoma hindi. Nikabisha hodi. Akanikaribisha bila kugeuka, akasema hindi bado kidogo. Nikakaa nikasubiri, na nilikuwa na amani ambayo sijaipata juu ya ardhi siku nyingi. Nilipoamka mkono ulinuka mahindi.

Umeuliza Dubai iko upande gani. Itundwa ni kubwa. Umeuliza habari ya jina lako. Jina lako nalijua vizuri, ila karatasi ni ndogo na Hatibu anafunga magunia.

Mjomba wako,
Mageni

*

Shinyanga
15 Oktoba 2023

Mjomba,

Shikamoo. Tumshukuru Mungu tunaamka. Mama alipaka mafuta ya kondoo, paka wa mtaa mzima wakamfuata mpaka sokoni. Mgongo umepungua kuuma, hilo nakiri.

Maneno yako ya winchi niliyasimulia darasani. Mwalimu alicheka, kisha akaniambia niandike kwenye ubao: vuta, simama, teremsha. Jaribio la pili nimepita.

Sasa nisikilize. Juzi Hatibu alikuwa anakunywa chai kwenye meza yetu, akamsimulia mama kwamba mnachimba vizuri, pale kwenye lile jiwe kubwa lililopasuka katikati, lenye mkuyu mdogo uliootea kwenye ufa. Mama alikuwa ameinua kopo anampimia mteja. Kopo likabaki juu. Mchele ukawa unashuka tu, unashuka, kama mvua ya polepole, na wala hakuutazama. Mteja alikinga kiroba mpaka akaona haya, akaondoka.

Jioni alinikalisha chini. Amenieleza, mjomba. Kwamba duara la penye jiwe lililopasuka lilikuwa la baba yangu, Pantaleo. Kwamba wiki niliyozaliwa alilipa jina langu, akatembea Itundwa nzima akijivuna kuwa ana Loveness wawili, mmoja atamlisha mwenzake. Kila alipogonga jiwe zuri kule chini alipaza sauti akaita jina langu, na waliokuwa juu wakajua leo kuna kitu, wakacheka. Kisha siku moja akaita, wakacheka. Akaita tena. Wakangoja aseme neno.

Mama akaniambia hivi, nanukuu kama alivyosema: "Baba yako alikuwa anaita jina, mwanangu. Jina halivuti kamba."

Kuta zikalala, na baba hakutoka. Yuko huko mpaka leo. Na amenieleza kuwa machimboni duara likishamfukia mtu, jina la duara hilo halitamkwi tena na mtu yeyote wa pale, kwa hiyo swali langu la pili nimelijibu mwenyewe, sikulaumu. Amesema pia kuwa wewe ndiye uliyekuwa kwenye kamba. Amesema hajawahi kukulaumu kwa hilo, na angetaka ulisikie kutoka kwake. Basi nimekuandikia mimi. Mimi nami sikulaumu.

Lakini Dubai, mjomba. Kuna kosa nililofanya kwenye kazi ya wiki iliyopita. Mahali fulani nilikuwa nimehifadhi hesabu mbovu, jibu likawa linatoka baya. Nikachukia lile jina. Nikalifuta kila lilipokuwa, nikaandika jipya zuri. Nikabonyeza. Jibu likatoka lile lile. Mashine haijali unapaitaje, inakwenda kuchukua kilichomo. Ndani ya Dubai mna kuta zile zile zilizolala, na udongo ule ule usioshikana, na masika yanakuja.

Nakuomba usishuke.

Mpwa wako,
Loveness

*

Itundwa
19 Novemba 2023

Mpwa wangu,

Marahaba. Huku wazima. Mvua zimeanza, za kuchungulia tu, na vyura wa Itundwa ambao kwa kawaida wana sauti kama za ndama wameanza kuulizana habari. Mama ntilie ameozewa na majani ya paa lake, tunakula ugali na matone. Mbuke mdogo, yule mtoto wa Sostenes, ameota meno mawili na amenionyesha yote.

Barua yako nimeisoma. Nimeisoma kwenye mwanga wa asubuhi, nikaisoma tena nikiwa nimepanda kichuguu, kana kwamba huko juu ingesema vingine.

Sitabishana na msomi. Nitakwambia tu kwamba mbao zangu ni za mninga, na hakuna aliye hai kuanzia hapa hadi Chato anayejua kupiga matimba kama mimi. Niliwahi kupiga matimba kwenye duara moja huko Nyarugusu, wenye duara wakaondoka, duara likachoka likabomoka lote, matimba yakabaki yamesimama peke yake hewani, ndege wakajenga. Na sheria yetu unaijua nusu tu. Duara likichinjiwa mbuzi na kupewa jina lingine, linakuwa jipya, na mtu anaruhusiwa kushuka. Ndivyo wazee wa hapa walivyoafikiana. Sasa mashine yako na wazee wa Itundwa wakutane wenyewe wamalizane.

Nimeota tena. Yule wa kigoda bado amenipa mgongo, ila hindi limebadilika rangi, limekaribia. Uwanja umefagiliwa upya. Nikamwambia twende nyumbani. Akasema njia anaisahau, labda nimshike mkono. Nikanyoosha mkono, nikaamka. Siku tatu mkono huo haukutaka kufanya kazi.

Pale nyumbani Kahama, ukipita kwenye makaburi, kuna bibi yako Mbuke, na ubavuni kwake mama yako ameacha nafasi. Anaifagia. Kila mwaka anaifagia nafasi isiyo na mtu. Mimi nikienda huko napita njia ya mzunguko, nyuma ya zizi, nisiione. Umenielewa. Sishuki kwa ajili ya dhahabu, na hilo sikuliandika, umelisoma mwenyewe.

Mbuzi ni Ijumaa. Nashuka Jumamosi tarehe 25, asubuhi, kabla mvua haijakaza. Sostenes na Adam watashika kamba, vijana wenye mikono. Hatibu akikuletea hii itakuwa Alhamisi, basi niombee kidogo, si sana, mimi mtu mkubwa.

Mageni

*

Shinyanga
Alhamisi, 23 Novemba 2023

Baba Zuhra, shikamoo.

Nisamehe kwa kukuharakisha, najua mzigo wako haujauzwa wote. Mama atauza uliobaki. Mimi nilitaka kuja mwenyewe, mama amenishika mkono hataki kuniachia, anasema Itundwa imeshachukua wa kutosha katika nyumba hii. Basi ondoka na gari la alfajiri, ukalale Geita, na Jumamosi uwahi.

Karatasi hii ya juu ni yako. Ya chini, niliyoikunja na kuibana kwa pini, si ya mjomba. Usimpe. Ukifika usiende kwake, usipokee chai, usisalimie watu mmoja mmoja. Nenda moja kwa moja kwenye winchi, pale penye jiwe lililopasuka. Kama ameshashuka, kunjua ile karatasi uwasomee walioshika kamba, kwa sauti, kama unavyonadi dagaa. Ni neno moja. Ukishalisema usiliongezee lingine, na usiseme nani kalituma.

Nimemwomba mjomba kwa jina lake, hakusikia. Nimebaki na hili tu.

Mwanao,
Loveness

(Karatasi ya chini:)

VUTA.

*

Shinyanga
3 Desemba 2023

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima.

Hatibu hajarudi. Watu wa mabasi wanasema mto umechukua barabara upande wenu, magari yanalala. Simu ya Hatibu haiiti. Mama anauza mchele kama kawaida, ila kila gari la Geita likiingia anasimama, na wateja wa soko wameshajua, wanasimama naye bila kuuliza.

Usiku naota ubao mweusi. Nimeandika neno, nangojea. Hakuna kinachotokea, chaki tu inadondoka vumbi, nyeupe, polepole, kama ule mchele.

Barua hii nampa dereva wa lori la mawe, sijui kama itafika. Kama inafika, usijibu marefu. Hata ukiandika uongo, mjomba, andika ule wa siku zote.

Loveness

*

Nkome
9 Desemba 2023

Mpwa wangu,

Marahaba, marahaba, na kwa mama yako marahaba mara tatu. Ni mzima mimi. Naanza na hilo kwa sababu najua mtasoma mmesimama. Kaeni sasa.

Naandika nikiwa Nkome, kwenye chanja za dagaa za Hatibu. Barabara ilikatika nyuma yetu tukasukumwa upande wa ziwa. Tulipovuka mto maji yalitufika kifuani, simu ya Hatibu ikazama na namba zote, na namba zenu mimi nilikuwa nazo kwenye simu yangu, ambayo unajua iliko. Dereva wako wa lori amenifikishia barua jana, imelowa, jina lako tu ndilo lililobaki linasomeka vizuri. Nimekaa nalo.

Utataka kujua. Jumamosi nilishuka. Mbuzi alikuwa mzuri, matimba yalikuwa mazuri, na hapo nasema kweli. Nilipita mbao zangu mpya, nikafika zinapoanza za zamani, zile alizozipiga yeye, Pantaleo. Nilizijua, alikuwa anapiga kilemba cha gogo, ile kabari ya juu, upande wa kushoto kwa sababu mkono wake ulikuwa wa kushoto. Kulikuwa kimya. Hakukuwa na asubuhi wala uwanja wala hindi, mpwa wangu. Kulikuwa na udongo tu, na harufu ya mvua iliyoingia bila ruhusa. Nikakaa kwenye ndoo nikaweka kiganja kwenye lile gogo lake. Nikawa namwongelesha. Nilichomwambia ni cha shemeji na shemeji.

Ndipo ndoo ikaruka. Kamba ilinikwapua kama mtu amenikamata ukosi, nikagonga goti, tochi ikaanguka, nikawa napanda kwa kasi ambayo sijawahi kupandishwa nayo. Nilifika juu nimekasirika. Nilimkuta Hatibu amesimama pale na gunia bado liko begani, karatasi mkononi. Adam anahema. Nikamgeukia Sostenes.

"Nani kasema vuta?"

"Neno limesemwa," akasema.

"Nauliza nani kasema. Mimi ndiye niko chini, mimi sijasema."

"Hatujauliza," akasema Sostenes. "Tumevuta."

Nikafungua mdomo niwatukane. Lakini sheria ni yangu, mimi ndiye niliyewafundisha wote wawili.

Hapa ningeweza kukwambia kwamba ardhi ilinguruma mpaka Mwanza wakafunga maduka. Haikunguruma. Nilikuwa bado najifungua kamba kiunoni, na mdomo wa duara ukazama, polepole tu, kama mtu aliyechoka anayekaa chini. Matimba yangu ya mninga yakaingia moja baada ya jingine bila kelele. Yule mkuyu wa kwenye ufa ukainama, ukabaki hivyo. Kisha ikanyesha. Muulize Hatibu, maana mimi huniamini, naye hajui kupamba.

Usidhani lakini kwamba ni barua yako. Nilikuwa nimeshaamua kupanda mwenyewe, nilikuwa nakaribia kabisa kusema neno, ulinitangulia kidogo. Mtoto wa kike kuwa na haraka hivyo si vizuri.

Jumapili alikuja katekista akasali pale. Alitaka jina la marehemu tukamtajia, na ilikuwa mara ya kwanza tangu afukiwe kulisikia likisemwa wazi Itundwa, watu walivua kofia. Hatutachimba tena hapo. Sostenes amepanda ua wa minyaa kuzunguka. Nimechota udongo wa mdomoni, ule wa juu ambao yeye aliukanyaga kila siku akishuka, nimeujaza kwenye kiroba kisafi, na Hatibu akipata gari ataniacha Kahama nao. Mwambie mama yako aje na katekista wa huko, na jembe dogo. Ile nafasi aliyokuwa akiifagia tutaijaza. Safari hii nitapita njia ya mbele.

Kuhusu kazi, kuanzia sasa niko kwenye dagaa. Wiki moja tu nimeshakuwa bora kuliko wote hapa ufukoni. Jana nilianika dagaa wakakauka kabla jua halijachomoza, wenzangu wananitazama kwa mashaka.

Mwisho. Ubao ule wa Dubai tuliuchoma tukapikia chai. Nikatafuta mwingine, wa mninga uliobaki, na sikuandika kwa mkaa, nimechonga kwa kisu, kisha nikaugongelea kwenye mkuyu. Wazee walikuja kuuliza nimepata wapi ruhusa ya kulirudisha jina lisilotamkwa. Nikawaambia mwenye jina amelilipia kwa neno moja. Walisimama wakasoma kwa sauti, wote, wanajifunza upya.

Nimeanza na herufi kubwa kama ulivyonifundisha, ili asije akadhaniwa ni mtu mwingine. Na wewe nakuandikia hivyohivyo, kuanzia leo.

Mjomba wako Mageni anakusalimu,
Loveness.